Trela ndogo isiyo na tangi la maji machafu: uchambuzi wa kisa

Kwa nini kisa hiki

Mtu akinunua trela ndogo iliyotumika, swali lake la kwanza kuhusu maji machafu huwa tangi: la lita ngapi, la aina gani, linauzwa wapi. Wahusika wa kisa hiki nao walianza hapo, wakapoteza fedha. Walifika kwenye jibu zuri walipogeuza mpangilio. Walipima kwanza maji wanayotumia, wakasoma sheria ya ardhi watakayoegesha, wakapima kimo cha bomba kutoka ardhini, kisha wakajiuliza ni mzigo gani mtu mmoja aliyechoka anaweza kuunyanyua. Tangi likaja mwisho, na kufikia hapo chaguo lilikuwa limebaki moja tu.

Maji tunayoyazungumzia ni ya sinki na ya kuogea. Wenye trela huyaita maji ya kijivu. Ya chooni huitwa maji meusi, na hayo yana taratibu zake. Majina, mji, hospitali na aina ya trela nimeviondoa. Mimi niliombwa kupima uzito na kuangalia mabomba. Mengine nimesimuliwa na wahusika wenyewe, nao wameridhia yaandikwe.

Usuli

Ni mume na mke kutoka Afrika Mashariki, wakazi wa Marekani kwa miaka mingi. Mke ni muuguzi. Hufanya kazi kwa mikataba ya wiki 13, muda uliozoeleka kwa wauguzi wanaohama kutoka hospitali moja hadi nyingine, na zamu zake ni za saa 12, nyingi za usiku. Mume ni dereva wa lori la masafa marefu. Kuna wiki ambazo hukaa na mkewe siku mbili tu. Hilo ndilo lililoamua mengi, kwa kuwa mtu atakayehangaika na maji machafu siku nyingi ni mke, peke yake, asubuhi akitoka kazini.

Walinunua trela ya futi 16, karibu mita 4.9, ya ekseli moja, inayoruhusiwa kufikia uzito wa jumla wa pauni 3,500, yaani kilo 1,588. Ndani mlikuwa na sinki, bafu dogo la kusimama, na tangi la maji safi la galoni 20, sawa na lita 76, lililofichwa chini ya benchi la mbele. Choo kilikuwa cha kubebeka, kile chenye kisanduku kinachochomolewa kwenda kumwagwa. Tangi la maji ya kijivu halikuwepo kabisa. Bomba la sinki na la bafu yaliungana chini ya sakafu kuwa bomba moja la inchi moja na nusu lililotokeza ubavuni, mdomo wake ukiwa sentimita 28 kutoka ardhini. Trela nyingi ndogo za miongo iliyopita zilitengenezwa hivyo. Enzi hizo wengi waliacha maji ya sinki yamwagike chini, na mwangalifu aliweka ndoo.

Mpango ulikuwa na sehemu mbili. Kwanza, mapumziko ya mwisho wa wiki kwenye kambi za misitu ya taifa. Pili, mkataba wa majira ya baridi katika mji mmoja wa jangwani, karibu na Mto Colorado unapotenganisha Arizona na California. Kodi za nyumba mjini pale hupanda majira ya baridi, wanapomiminika wazee kutoka kaskazini kukimbia theluji. Kambi binafsi zenye maji, umeme na mfereji wa majitaka zilikuwepo, lakini baadhi zilikataa trela yenye umri wa zaidi ya miaka 10, sharti ambalo kambi nyingi za namna hiyo huliweka. Kwa hiyo walitazama maeneo ya kukaa muda mrefu ya BLM, idara ya serikali kuu inayosimamia ardhi za umma. Maeneo hayo yalianzishwa mwaka 1983, na msimu wake huanza 15 Septemba hadi 15 Aprili.

Sheria hubadilika na ardhi

Sehemu hii naikalia kidogo, maana ndiyo inayowapotosha wengi.

Kwenye misitu ya taifa, kanuni ya 36 CFR 261.11 (CFR ni mkusanyo wa kanuni za serikali kuu ya Marekani) inataka taka zote, maji machafu yakiwemo, ziondolewe au zimwagwe mahali palipotengwa. Kwenye hifadhi za taifa, 36 CFR 2.14 inakataza kumwaga uchafu kutoka kwenye trela isipokuwa penye kituo chake. Ukiingia ardhi ya kawaida ya BLM maneno yanalegea: 43 CFR 8365.1-1 inakataza kumwaga majitaka na taka kutoka kwenye gari, lakini maji ya kuoshea yamewekwa kando ya katazo hilo. Mume aliisoma kanuni hii, akaielewa barabara, akahitimisha kwamba jangwani watamwaga tu.

Shida ni kwamba maeneo ya muda mrefu yana masharti yake ya nyongeza, na hayo yanasema wazi: ni marufuku kumwaga chini majitaka, maji ya kijivu au taka, na sheria za jimbo na za kaunti zinazuia vivyo hivyo. Zaidi ya hapo, baadhi ya maeneo haya hupokea tu magari na trela zinazojitosheleza, maana yake zenye tangi la maji machafu lililofungwa moja kwa moja, la galoni 10 au zaidi, yaani lita 38. Tangi la kubebeka halihesabiki. Choo cha kubebeka hakihesabiki. Maeneo matatu kati ya hayo, La Posa, Imperial Dam na Mule Mountain, yana nafuu: asiyejitosheleza anaruhusiwa kukaa ndani ya futi 500, kama mita 150, kutoka vyoo vya eneo.

Kuna na hoja ya sabuni. Wapo wanaoamini kwamba sabuni iliyoandikwa kuwa inaoza yenyewe inahalalisha kumwaga popote. Sabuni hiyo huoza ikiwa udongoni, kwa kazi ya vijidudu. Ikiingia kijito inadhuru kama nyingine. Ushauri unaofahamika wa wapanda milima, kwamba uchuje maji ya vyombo na kuyatawanya futi 200 kutoka mtoni, unamhusu mtu mwenye sufuria moja mgongoni. Trela ya watu wawili wanaooga kila siku ni jambo jingine.

Yaliyotokea, hatua kwa hatua

*Ndoo.* Safari ya kwanza ilikuwa msituni, kwenye kambi yenye maji ya bomba lakini bila mfereji. Waliweka ndoo ya galoni 5, lita 19, chini ya mdomo wa bomba. Mume alioga, kisha mke akaingia. Bafu lao hutoa karibu lita 6 kwa dakika, na kila mmoja alioga dakika tano: lita 30 kwa mtu. Ndoo ilifurika kabla hata mume hajamaliza kusuuza povu. Jioni mtunza kambi alipita, akaona tope lenye povu na punje za wali chini ya trela, akawaeleza kanuni kwa upole na kuwataka wasirudie. Faini hawakutozwa.

*Tangi la magurudumu.* Wiki hiyo hiyo waliagiza tangi la kukokota la galoni 15. Ni chombo kinachopendwa, na kwa trela iliyo juu kinafaa sana: unaunganisha mpira, unafungua valvu, maji yanashuka, kisha unalivuta tangi hadi kituo cha kumwagia. Kwa trela hii vikwazo viwili vilijitokeza siku ya kwanza.

Cha kwanza ni kimo. Tangi likiwa limelala, mdomo wake wa kuingizia ulikuwa karibu usawa mmoja na mdomo wa bomba la trela. Maji hayapandi mlima. Yalijaa bombani, yakarudi nyuma, yakatokea mahali pa chini kuliko pote ndani ya trela, yaani sakafu ya bafu. Mke aliosha vyombo jikoni na kukuta mafuta ya samaki yakielea bafuni. Kupandisha magurudumu ya trela juu ya mbao kulisaidia kiasi, lakini kila kambi ikawa kazi ya kutafuta mahali palipoinama upande unaofaa.

Cha pili ni uzito. Galoni 15 ni lita 57, na lita moja ya maji ni kilo moja. Pamoja na tangi lenyewe mzigo ulipita kilo 60. Kwenye lami unavutika. Kwenye kokoto, magurudumu yale madogo ya plastiki yanazama. Watengenezaji huweka ndoano ili tangi livutwe na gari taratibu, kwa mwendo wa mtu anayetembea, lakini bado kuna kulinyanyua na kuliinamisha kituoni.

*Ujio wa bibi.* Mama mzazi wa mume alikuja kuwatembelea kutoka nyumbani, akafuatana nao safari moja. Aliwatazama wakisukuma tangi lile hadi kituoni na kurudi, akauliza, “Mwanangu, maji yote haya mmeoga wawili tu? Nyumbani mngeoga ukoo mzima.” Usiku ule aliomba ndoo na kopo, akaoga bafuni kwa maji aliyoyachemsha na kuyachanganya mwenyewe, hakumaliza hata nusu ya ndoo. Asubuhi aliwaoshea vyombo kwa mabeseni mawili, la sabuni na la kusuuzia. Tangi halikuvutwa hadi walipokuwa wanaondoka.

Mke aliniambia hapo ndipo walipojiuliza ni kiasi gani hasa wanachotumia. Hawakuwa wamewahi kupima.

*Kupima.* Walirudi, wakaweka daftari. Kwa matumizi yao ya mwanzo, siku ambayo wote wapo: kuoga lita 60, vyombo chini ya bomba linalotiririka lita 18, mikono na meno lita 7. Jumla lita 85, zaidi ya tangi lote la maji safi. Kwa utaratibu wa bibi: kuoga lita 7 kila mtu, vyombo lita 8, mikono na meno 4. Jumla lita 26. Mke akiwa peke yake, lita 15 hivi. Siku ya kuosha nywele wanaongeza ndoo.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kufuata hesabu ya lita 26. Kila kilichofuata kilitegemea huo. Kuna watu ambao hawatakubali kuacha kuoga chini ya bomba, na hiyo ni haki yao, ila basi wajue kwamba wanahitaji trela nyingine au kambi yenye mfereji. Hawa wawili wamekulia kwenye ndoo na kopo. Kwao ilikuwa kurudia jambo wanalolijua.

Wa pili, tangi la kudumu. Mume alilitaka kwa ajili ya sheria, akidhani tangi la kufungwa la zaidi ya galoni 10 litaifanya trela ihesabiwe kuwa inajitosheleza. Nilimshauri asitegemee hoja hiyo kwa kuwa choo chao bado ni cha kubebeka. Mke alimuuliza mhudumu wa eneo kabla ya kulipia kibali, na wakaamua kukaa ndani ya futi 500 kutoka vyoo. Kwa nini basi tangi? Kwa sababu ya zamu. Alihitaji kitu kinachobeba maji ya siku mbili bila mtu kukigusa, kisichofurika akiwa amelala mchana, kisichotegemea mteremko wa ardhi.

Wa tatu, ukubwa. Maji yote ya ndani yanatoka kwenye tangi safi la lita 76, na sehemu huishia tumboni na kwenye chungu. Tangi la kijivu kubwa kuliko la maji safi lingekuwa mzigo wa bure. Walichagua la sentimita 90 kwa 45 kwa 15, ujazo wa lita 60, ambalo lilienea katikati ya vyuma viwili vya chasisi. Sehemu yake ya chini ilibaki sentimita 27 juu ya ardhi, karibu sawa na lilipokuwa bomba la zamani, kwa hiyo uwezo wa trela kupita barabara mbaya haukupungua sana.

Wa nne ni mahali pa kulifunga, na hapa ndipo nilipotumia muda mwingi. Nafasi rahisi ilikuwa nyuma kabisa, chini ya bampa. Trela inatulia barabarani ikiwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake inakandamiza kiungio cha gari linaloivuta. Ukipungua, mkia unaanza kupiga huku na huku, na kwenye mwendo kasi hilo huua watu. Trela hii ikiwa na shehena na maji safi ilikuwa kilo 1,300, na kwenye kiungio kilo 150, asilimia 11.5. Kutoka kiungio hadi ekseli ni mita 3. Maji safi yako mbele; yakitumika yote, kiungio kinapoteza karibu kilo 30. Tangi la kijivu likiwa mita moja nyuma ya ekseli na limejaa, linaondoa kilo 20 nyingine. Zinabaki kilo 100 kwa trela ya kilo 1,284: asilimia 7.8. Likiwekwa nusu mita mbele ya ekseli, linaongeza kilo 10 badala ya kuondoa 20, na kiungio kinabaki na kilo 130, asilimia 10.1. Tofauti ya mita moja na nusu chini ya trela ndiyo tofauti ya kufika na kutofika. Lilifungwa mbele ya ekseli, likashikwa na vyuma vya pembe vilivyofungwa kwa bolti, na wakakubaliana kutosafiri nalo likiwa limejaa.

Wa mwisho, namna ya kuyatoa. Kituo cha kumwagia kilikuwa mwendo wa kama kilomita mbili kutoka mahali pao, na kuhamisha trela kila baada ya siku mbili hakuna anayekutaka. Tangi lile la magurudumu bado lingekuwa kilo 60. Mke alikataa. Alitaka madumu ya lita 20, kitu ambacho mwanamke yeyote wa kwao anajua kukinyanyua. Kwa kuwa tangi liko chini mno kujaza dumu kwa mteremko, walifunga pampu ndogo ya volti 12, ya utando, yenye kichujio mbele yake, inayosukuma karibu lita 11 kwa dakika. Madumu manne, kila moja likijazwa lita 15 tu ili lisichuruzike garini, yanamaliza tangi zima. Yanapakiwa kwenye pikapu na kupitishwa kituoni akielekea mjini.

Madumu hayo yalipakwa rangi nyekundu shingoni. Ya maji safi ni ya buluu, na mpira wa pampu haukuguswa kwa kazi nyingine yoyote. Muuguzi hakuacha nafasi ya mjadala hapo. Vivyo hivyo bomba la kusuuzia lililoko kituoni: maji yake si ya kunywa, na mdomo wake umegusana na uchafu wa kila aliyepita.

Matokeo

Wiki 13 zilikwisha bila onyo lolote na bila tone kumwagwa chini kwa kukusudia. Gharama yote ya tangi, mabomba, pampu na madumu ilikuwa ndogo kuliko kodi ya mwezi mmoja kwenye kambi binafsi waliyokuwa wameulizia. Tangi lilitolewa kila baada ya siku mbili, hata pale lilipokuwa na nafasi, kwa sababu ya harufu.

Mambo matatu yaliharibika njiani.

La kwanza ni kiungo cha bomba na tangi. Mume alitoboa tundu na kuziba kwa silikoni. Tangi ni la politheni, plastiki ambayo gundi haishiki. Hata gundi za mabomba, zinazofanya kazi kwa kuyeyusha plastiki ya bomba, haziiwezi. Baada ya kilomita chache za barabara ya vumbi yenye makorongo kiungo kilianza kuvuja. Walitoa yote, wakaweka ringi nene ya mpira inayokaa kwenye tundu na kubana bomba inapopita. Haikuvuja tena. Njia nzuri zaidi ni kuagiza tangi likiwa tayari na viungo vilivyochomelewa kiwandani, mradi umeshapima vizuri matundu yatakaa wapi.

La pili ni pumzi. Tangi lilifungwa bila bomba la hewa. Maji yakiingia, hewa iliyomo haina pa kutokea ila kurudi juu kupitia sinki, ikibubujika na kunuka. Bafu lilikuwa linakauka polepole mno. Bomba la hewa lililopandishwa hadi juu ya paa lilimaliza tatizo hilo siku hiyo hiyo. Harufu nyingine ilibaki, ya asubuhi, na chanzo chake kilikuwa kona ya maji chini ya sinki. Kona hiyo hushika maji kidogo ili kuzuia hewa ya tangi. Jangwani maji hayo hukauka trela ikifungwa siku mbili tatu. Walibadilisha wakaweka kizuizi cha mpira kisichotegemea maji.

La tatu ni ugali. Sufuria ikilowekwa, ukoko unalainika na kuteremka tangini, na wanga ule kwenye joto la jangwa unachacha kwa kasi. Kichujio cha pampu kiliziba kwa uji mzito, nywele na mafuta yaliyoganda. Walibadilisha utaratibu wa jikoni: ukoko unabanduliwa ukiwa mkavu, sahani na kikaango vinapanguswa kwa karatasi kabla ya kuguswa na maji, na mafuta ya kukaangia yanarudishwa kwenye chupa na kutupwa na taka. Maji ya kijivu yakikaa zaidi ya saa 24 huanza kugeuka, hewa inaisha ndani yake na vijidudu vya kunuka vinachukua nafasi. Chakula kidogo kinachoingia kinamaanisha harufu kidogo inayotoka. Dawa za tangi walizojaribu kabla ya hapo hazikusaidia kitu.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kuliko vyote hakikununuliwa dukani. Kushuka kutoka lita 85 hadi 26 kulifanya tangi dogo litoshe, kukafanya lipate nafasi mbele ya ekseli, kukafanya madumu yawezekane. Wangebaki na lita 85, hakuna tangi la kuenea chini ya trela ile ambalo lingevuka siku moja. Vitabu na wauzaji huanza na ujazo wa tangi. Mimi nadhani daftari la siku tatu nyumbani, kwa kopo lenye alama, lina thamani kubwa kuliko kulinganisha bidhaa kwa mwezi mzima.

Kununua tangi la magurudumu haraka kulikuwa na sababu: aibu ya kule msituni ilikuwa mbichi na safari nyingine ilikaribia. Lakini vipimo viwili, kimo cha mdomo wa bomba na kimo cha tangi likiwa limelala, vingelikataa dukani kabla ya kulipa. Yeyote mwenye trela iliyo chini aanze na futi ya fundi. Na akumbuke kwamba sakafu ya bafu ndiyo itakayompa habari kwanza, kwa sababu iko chini kuliko sinki.

Kuhusu sheria, mume hakukosea kusoma. Alisoma kanuni ya ardhi jirani. Swali alilolipeleka mke kwa mhudumu wa eneo lilikuwa na faida kuliko kanuni zote alizochapisha mumewe, maana lilitaja mambo mahususi: tangi la namna hii, choo cha namna hii, tunaweza kukaa wapi?

Mgawanyo wa kazi nao ulipewa uzito unaostahili. Watu hupanga vyombo vya trela kana kwamba mwenye nguvu zaidi nyumbani atakuwepo kila siku. Hapa mpango ulijengwa juu ya mtu mmoja aliyetoka kusimama saa 12, na dumu la lita 15 likawa kipimo cha kila kitu. Nimeona trela zenye tangi zuri kuliko hili ambazo wenyewe wamerudia kumwaga usiku kwa siri, kwa kuwa kazi ya kulitoa ilimshinda aliyebaki kambini.

Lililobaki bila kutatuliwa ni kujua tangi limefikia wapi. Hawakuweka geji, walitegemea hesabu ya siku. Iliwezekana kwa sababu matumizi yao yalikuwa yaleyale kila siku. Mgeni mmoja akija, hesabu inavurugika. Vipimo vya ndani ya tangi hugandwa na mafuta na kudanganya, hivyo ningependelea kibomba cha plastiki angavu ubavuni, kinachoonyesha kina kwa macho.

Pia hawakukutana na baridi kali. Tangi lililo wazi chini ya trela huganda, na barafu hupasua valvu. Wakipata mkataba wa kaskazini watahitaji kulifunika na kulipasha joto, au kuliacha tupu na kutumia bafu za kambi, na wakati wa kuihifadhi trela kumimina ile dawa ya waridi ya propileni glaikoli kwenye mabomba na kona zote.

Kwa hali nyingine jibu lingebadilika. Anayelala nje siku moja mbili, asiye na bafu ndani, anatosheka na dumu la lita 20 chini ya bomba, mradi mdomo wake ufungwe vizuri kwenye mpira na bomba liwe juu vya kutosha. Mwenye trela iliyo juu, anayekaa kambi za lami zenye kituo mita mia moja mbele, tangi la magurudumu litamfaa miaka mingi. Mfuko laini wa kukunjwa ni mwepesi kuhifadhi, ila ukijaa haunyanyuliki, na juu ya kokoto hutoboka. Ningeuweka kwa dharura tu. Na anayekaa miezi mahali penye mfereji hahitaji chochote kati ya haya, isipokuwa valvu na mpira usiovuja.